Nusu ya Duveti

Aminieli alilia kwa sababu ya blanketi, na hapo ndipo Elizabeth alipojua kwamba ugonjwa umewazidi wote wawili.

Ilikuwa mwezi wa sita. Baridi ya Meru ilikuwa imeshuka mpaka kwenye migomba, na jua lilichelewa kuonekana. Elizabeth alikuwa amemfunika mumewe mablanketi mawili mazito ya rangi ya kahawia, kama alivyomfunika miaka yote, akageuka kuchukua kikombe cha uji. Akasikia sauti ambayo hakuizoea. Alipotazama nyuma aliona machozi yakiteleza kutoka pembeni mwa macho ya Aminieli kuelekea masikioni.

"Yananiponda," alisema. "Mama Magreth, yatoe. Yananiponda."

Akayatoa. Hazikupita dakika nyingi meno yakaanza kugongana. Akarudisha moja, taratibu, kama mtu anayefunika kidonda. Aminieli akaguna na kuuma mdomo. Hospitalini walikuwa wameshasema kwamba saratani imeingia kwenye mifupa na kwamba ni heri akatunzwe nyumbani. Hawakusema mtu wa namna hiyo anafunikwaje.

Mablanketi yale yalikuwa ya mkono wake mwenyewe. Kabla ya kurudi shambani, Aminieli alifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi mjini Arusha, kwenye mashine ya meno ya waya iliyokwangua kitambaa kikiwa bado kigumu kama gunia, mpaka kikatoa manyoya. Jumamosi alirudi nyumbani nywele zimejaa vumbi la sufi, akacheka na kusema amezeeka kabla ya baba yake. Kisha ikaja ruksa. Mipaka ilifunguliwa, marobota ya mitumba yakamwagwa kila soko, na mtu wa kawaida akaona kwamba anaweza kupata tandiko la Ulaya kwa bei ndogo kuliko blanketi la kiwandani. Kiwanda kikaondoa zamu ya usiku, kikapunguza watu, mwishowe kikafunga geti. Aminieli akarudi kwenye kahawa ya baba yake huku juu ya Tengeru, akaapa kwamba mtumba hautaingia nyumbani kwake. Na haukuingia. Hata Magreth, binti yao wa pekee, alipoolewa Kikatiti aliondoka na mashuka mapya ya dukani.

Kiapo hicho kilikuwa na jina la mtu ndani yake. Kiwandani, rafiki mkubwa wa Aminieli alikuwa Elihuruma, Mchaga wa Machame, fundi wa kurekebisha kasoro. Blanketi likitoka na tundu au uzi uliokatika, lilipelekwa kwake na sindano yake. Walipanga chumba kimoja, wakala sahani moja, na siku ya ndoa ya Aminieli ni Elihuruma aliyesimama kando yake kanisani. Geti lilipofungwa, hata mwaka haukuisha, Elihuruma akafungua robota lake la kwanza la matandiko ya Ulaya karibu na Soko Kuu. Aminieli alimkuta pale akipanga bidhaa, akamwambia mbele ya watu, "Sisi tumefiwa, wewe unauza sanda."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Elihuruma alituma zawadi kwenye harusi ya Magreth. Ilirudishwa bila kufunguliwa.

Jumamosi Elizabeth aliteremka soko la Tengeru. Hakutoka nyumbani na nia ya kununua mtumba, alitaka tu kitu chepesi chenye joto. Lakini vitu vyepesi vyenye joto vilikuwa juu ya turubai, pale walipomwaga marobota. Msichana aliyekuwa akiita wateja alimtupia mikononi duveti jeupe, tandiko la kujifunika lililojazwa manyoya laini.

"Shika hiyo, mama! Wazungu wanalala nayo kwenye barafu."

Lilikuwa jepesi kama kifaranga. Ukingoni lilikuwa na vifungo vidogo vilivyopangwa mstari. Elizabeth alijiuliza ni vya nini, kisha akaacha kujiuliza. Kwenye lebo kulikuwa na namba. Msichana alisema hiyo ni saizi.

Alilifua, akalianika mpaka likakauka vizuri, akamwambia mumewe kwamba ni Magreth aliyelileta. Alikubali kufunikwa, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi hakuguna. Elizabeth alitoka nje akasimama nyuma ya banda la ng'ombe, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi alikuta vidole vya mumewe ni baridi kama mawe ya mtoni. Akafanya ambalo kila mtu angefanya: akachukua blanketi la kiwanda akaliweka juu ya duveti. Maumivu yakarudi, na baridi haikuondoka.

"Unaliua," alisema Aminieli.

"Nini?"

"Hilo duveti. Unalikandamiza. Toa blanketi, halafu nipe miwani yangu."

Akalitoa, akampa na miwani. Aminieli akaanza kupapasa ukingo wa duveti akitafuta lebo. "Magreth hana duveti," alisema huku akitafuta. "Umelifua, lakini mtumba una harufu yake. Pua yangu haijafa."

Elizabeth alikaa kwenye kiti. "Ulikuwa unalia, Baba Magreth. Ulitaka nifanye nini?"

Aminieli aliisogeza lebo karibu na macho. "Tog nne na nusu. Ndiyo maana. Aliyekuuzia alisema hii namba ni ya nini?"

"Alisema ni saizi."

"Siyo saizi. Ni kipimo cha joto. Kinaonyesha tandiko linavyozuia joto la mwili lisitoroke. Namba ikipanda, joto linatoka kwa shida zaidi. Mzungu aliyekuja kufunga ile mashine yetu alikuwa na vipande vya matandiko ya kwao, kila kimoja na namba yake, akatuwekea mikononi mmoja mmoja. Nne na nusu ni ya kiangazi chao. Ikianza baridi wanachukua ya kumi, kumi na nusu. Kwenye barafu ni kumi na tatu na nusu."

"Hiyo ya kumi na tatu si itakuwa nzito? Utaiweza?"

"Uzito na joto ni vitu viwili." Alipumzika kidogo, kifua kikipanda na kushuka. "Kinachompasha mtu joto ni hewa iliyokamatwa ndani ya manyoya, ikakosa pa kwenda. Unafikiri mimi nilikuwa nafanya kazi gani pale? Nilikuwa natia hewa kwenye blanketi. Ukiweka mzigo juu yake hewa inatoka, unabaki na kitambaa. Hawa wenzetu wamepata namna ya kukamata hewa nyingi bila uzito. Sisi hatukuipata. Ni hivyo tu."

Alisema bila hasira, na Elizabeth akatamani angekuwa na hasira. Miaka yote ile alikuwa amezoea kumsikia akiwalaani wenye mitumba mpaka chai inapoa. Sasa aliongea kama mtu anayemsifu jirani kwa shamba zuri.

"Na hili lenyewe ni nusu," Aminieli aliendelea, akimwonyesha vifungo. "Hivi vinashikana na mwenzake. Mwenzake atakuwa wa tisa, mwenye vitanzi vya uzi. Ukiwaunganisha, namba zinajumlishwa, unapata kumi na tatu na nusu. Nikitoka jasho, unamwondoa mmoja."

"Nitampata wapi huyo mwenzake?"

"Mjini." Alivua miwani. "Lakini usiende kwa yule."

Hakuhitaji kumtaja.

Elizabeth alienda mjini Jumatatu, akamwacha mgonjwa na jirani. Alizunguka kwa wauza mitumba wote aliowaona. Mmoja alimwambia namba ya kwenye lebo ni mwaka wa kutengenezwa. Mwingine alisema ni bei ya Uingereza. Wa tatu akaapa kwamba ni hesabu ya mabata walionyonyolewa, na wenzake wakacheka, na Elizabeth naye akacheka ingawa hakuwa na nguvu ya kucheka. Kila alipouliza ni nani basi anayejua, walimwelekeza upande mmoja. "Nenda kwa yule mzee Mchaga. Yeye hauzi duveti mpaka ameisoma."

Alipita mbele ya duka mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili akaingia.

Elihuruma alikuwa amekuwa mweupe kichwani. Kwenye rafu zake maduveti hayakufungwa kamba kama ya wengine. Yalikuwa yamekunjwa kwa ulegevu, yamejaa kama unga uliochachuka. Alipomwona aliinuka, miwani ikamtoka puani.

"Shemeji."

"Habari za siku nyingi, shemeji."

"Nimesikia anaumwa," alisema Elihuruma. "Nilifika hospitali. Niliishia mlangoni." Akavuta kiti. "Kaa, tafadhali. Yukoje?"

Elizabeth alimweleza yote, machozi ya siku ile hata na vidole vya baridi. Elihuruma hakumkatiza. Alipomaliza alianza kuuliza, na maswali yake yalikuwa yale ambayo hata daktari hakuyauliza.

"Anatoka jasho?"

"Kukikaribia kupambazuka. Shuka zinalowa."

"Chumba kina dari?"

"Hakina. Upepo unapita juu ya ukuta."

"Na anaweza kulitupa duveti mwenyewe akisikia joto?"

"Mkono hauinuki."

"Basi usichukue la kumi na tatu lililo zima," alisema Elihuruma. "Ninayo, ni mazuri, watu wa hoteli wanayapenda. Lakini likimpata jasho humo ndani atalowa, na akishalowa baridi inamrudia maradufu. Amekuambia kweli. Tafuta la tisa, uwe na mawili ya kuunganisha na kutenganisha."

Alipekua rafu ya chini mpaka mikono ikafika mwisho. Alilopata lilikuwa na vitanzi vya uzi ukingoni, viwili vimekatika. Aliketi, akatunga uzi kwenye sindano, akavishona upya polepole, akikata uzi kwa meno. Elizabeth alimtazama na kukumbuka kijana aliyekuja kwao Krismasi ya kwanza ya ndoa, akamaliza loshoro yote ya mahindi na maziwa kwenye sufuria.

"Naomba nije nimwone," Elihuruma alisema bila kuinua uso.

"Amenikataza hata kufika hapa."

Sindano ilisimama. Kisha ikaendelea. "Basi usimwambie ni mimi."

Aminieli alitaka kufunga vifungo mwenyewe. Elizabeth alimwegemeza kwenye mito, akamwekea kingo zote mbili mapajani, na vidole vile vilivyokonda vikaanza kusukuma kifungo kimoja kimoja kwenye kitanzi chake. Alikuwa anafurahi, alipiga hata mluzi kidogo. Kisha vidole vikafika kwenye kitanzi kilichoshonwa upya, vikasimama. Alikipapasa fundo lake. Akaenda kwenye cha pili.

"Huu ni mkono wa Elihuruma."

"Ndiyo."

"Nilikwambia nini?"

"Nimezunguka mji mzima, Baba Magreth. Hakuna mwingine anayejua."

Aligeuza uso ukutani. Elizabeth alingoja aseme lirudishwe. Alikuwa ameshaamua kwamba akisema hivyo atagoma, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, na alisimama pale tayari kwa ugomvi ambao haukuja. Alimalizia vifungo vilivyobaki, akamfunika. Aminieli alilala mpaka kukapambazuka, na mikono yake ikawa na joto.

Asubuhi, akiwa bado na uso ukutani, alisema, "Mwambie lina joto. Lakini asije."

Ujumbe huo Elizabeth hakuupeleka. Aliona hawezi kupeleka kipande cha kwanza bila cha pili.

Wiki zilizofuata, maumivu ya kufunikwa yaliisha kabisa, ila sehemu nyingine ya Aminieli ikaanza kuondoka. Kwanza alisahau majina ya ng'ombe. Kisha akamuuliza Magreth, aliyekuja kutoka Kikatiti kumwona, kama basi la wafanyakazi limepita. Magreth alitoka nje akijifuta uso kwa kanga. Asubuhi moja Elizabeth alipomnywesha uji, Aminieli alimwambia kwa adabu kubwa, "Asante, sista," na tangu hapo hakumwita kwa namna nyingine. Alimdhania nesi.

Elihuruma alikuja Jumapili baada ya ibada, bila kuitwa. Alikuwa amevaa koti na ameshika sukari na majani ya chai.

"Nimeshindwa kukaa, shemeji. Akinifukuza nitaondoka."

Elizabeth aliogopa. Hata hivyo alimpisha, kwa sababu aliona hata kufukuzwa ni kusemeshwa.

Aminieli alifumbua macho, akamtazama mgeni kwa muda. Uso wote ukafunguka.

"Eli! Zamu imeisha?"

Elihuruma alimgeukia Elizabeth, kisha akamgeukia mgonjwa. "Imeisha."

"Mashine yangu umemwachia nani?"

"Manase."

"Manase anabana sana. Atachana kitambaa."

"Nimemwambia alegeze."

"Vizuri." Aminieli alicheka kicheko chembamba. Elihuruma alipiga magoti kando ya kitanda, kofia mkononi.

"Aminieli, nisikilize. Mimi nilikukosea. Nimekuja uniambie kama umenisamehe."

Aminieli alimtazama kwa mshangao, kisha kwa huruma. "Umekunywa? Wewe umenikosea lini?" Akampapasa mkono. "Nenda kalale. Kesho tunaingia asubuhi."

Elihuruma aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, mabega yakitikisika. Aminieli hakuelewa. Alizidi kumpapasa mkono, akisema kazi ni ngumu, kazi ni ngumu, kila mtu anachoka. Kisha akashusha sauti. "Ngoja huyu sista atoke, nikuambie kitu."

Elizabeth, aliyekuwa amesimama na kikombe, alitoka. Hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Kuna binti anaitwa Elizabeth," Aminieli alisema. "Wa kule kwa mzee Abdiel. Kila asubuhi anateremka na maziwa. Nimemwekea blanketi moja, nimelikwangua mara mbili pande zote, msimamizi hajaona. Akilipokea, natuma wazee."

"Atalipokea," alisema Elihuruma kwa shida.

"Unajuaje? Humjui yule. Ana maringo, hata salamu anaitika nusu. Lakini Eli, ananinyima usingizi."

Elizabeth alikuwa ameuma pazia. Miaka yote ya ndoa yao Aminieli hakuwahi kumwambia maneno kama hayo; alikuwa mtu wa kuleta kuni na kurekebisha paa, na yeye alikuwa ameridhika. Hakuwahi kujua habari ya kukwangua mara mbili. Alilipokea lile blanketi kama mtu anavyopokea blanketi. Alisukuma pazia, akaingia, akasimama mbele yake.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye Elizabeth. Nililipokea."

Aminieli alimtazama vizuri, kwa nia njema, kama anayetaka kusaidia.

"Hapana, mama," alijibu. "Yeye ni msichana."

Kisha, alipoona uso wake, akaongeza, "Usinikasirikie."

"Sijakasirika," alisema Elizabeth. Akachukua kikombe, akaenda jikoni, akakaa karibu na moto mpaka Elihuruma alipokuja kuaga. Hawakuweza kutazamana.

Aminieli alifariki siku ya Alhamisi, mchana, jua limetoka. Jasho lilikuwa limemwanza, na Elizabeth alikuwa akifungua vifungo ili aondoe duveti moja. Aminieli alisema, "Asante, sista." Elizabeth alijibu kwamba hakuna neno, akaendelea na vifungo, na alipomaliza upande mmoja akaona kwamba hakuna sababu ya kumaliza wa pili. Alimaliza hata hivyo.

Walimzika kwenye shamba, kati ya kahawa. Elihuruma alishika koleo tangu mwanzo mpaka mwisho na hakukubali kupokewa. Watu waliomfahamu zamani walinong'ona, lakini hakuna aliyemzuia.

Msiba ulipoanuliwa alirudi. Alimkuta Elizabeth amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, akachagua kukaa mwisho mwingine wa benchi hiyo.

"Shemeji, wewe ulikuwa naye," alisema. "Unafikiri alinisamehe?"

Elizabeth angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo na lisingemdhuru marehemu. "Alisema nikuambie lina joto," alijibu. "Wakati huo akili yake ilikuwa bado iko sawa. Alijua limetoka kwako."

Elihuruma alishusha pumzi. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Alisema na kitu kingine?"

"Alisema usije."

Elihuruma aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mzee anayesinzia. "Mimi nikaja."

"Ulikuja. Alifurahi. Lakini sijui ni wewe aliyemfurahia au ni yule wa zamani. Hata mimi sijui alinipenda mimi au yule mwenye maziwa."

"Si ni wewe yule yule, shemeji?"

"Nilimwambia hivyo. Ulinisikia."

Mvua nyembamba ilianza kunyesha, na wote wawili wakabaki pale pale chini yake. Baadaye Elihuruma aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili, akateremka kwenye njia ya matope kuelekea barabarani.

Magreth alitaka kumchukua mama yake waende Kikatiti, kwenye joto, akapumzike na wajukuu. Elizabeth alikataa. Kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja mwaka ule na ndege walikuwa wameanza kuila. Aliingia shambani na kikapu, akachuma tunda moja moja jekundu akiacha mabichi, na alipofika karibu na kaburi hakuliruka. Alichuma na pale.